Gramu na Chupa ya Jumamosi

Mtaa mzima ulimwita Gramu, na jina lenyewe hakulichukia. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa mizani: za mabucha, za maduka ya nafaka, za zahanati wanakopimia watoto, na zile ndogo za masonara ambazo hata pumzi ya mtu huzitikisa. Wenye mabucha walimwogopa kuliko walivyowaogopa wakaguzi. Gramu aliweza kuingia kununua nusu kilo ya nyama, akautupia mshale wa mizani jicho moja tu, akasema, "Hii inakuibia wewe au inamwibia mteja, sijui, lakini inaiba." Kisha anatoa bisbisi mfukoni, na foleni nzima inamsubiri.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na chumba cha mbele cha nyumba yao, cherehani moja ya kukanyaga, na kibao mlangoni kilichosema zipu hubadilishwa ukisubiri. Alimpenda mumewe, na hilo lisemwe mapema lisije likasahaulika, maana la pili ni hili: mumewe alikuwa mkono wa birika. Sabuni ikibaki kipande, aliibandika kwenye sabuni mpya. Bahasha za barua alizifungua kwa uangalifu, akazigeuza, akaandikia ndani. Akimpeleka mkewe dukani kuchagua viatu, alivipima kwa mkono kwanza, kimoja huku kimoja huku, kama mtu anayenunua viazi.

Si kwamba alimnyima mtu. Mgeni akija alikula akashiba, na watoto wao watatu walisoma mpaka walipotaka kuacha wenyewe. Alichokuwa hakiwezi ni kulipa zaidi ya uzito wa kitu. Kwake bei ilikuwa sawa na jiwe la mizani: inawekwa upande huu, kitu kinawekwa upande ule, na mshale usimame katikati. Usiposimama katikati, mmoja wenu ameibiwa.

Sasa, binti yao wa mwisho alipopata kazi mji mwingine akahama, nyumba ilinyamaza. Gramu hakuwa mtu wa maneno hata zamani, lakini zamani kulikuwa na watoto wa kugombana naye. Sasa alirudi, akala, akasoma gazeti mpaka kwenye matangazo ya vifo, akalala. Mkewe aliweza kumaliza wiki nzima akiwa ameambiwa maneno ishirini, na kumi kati yake ni ya kuomba chumvi.

Ndipo siku moja mteja aliyenusuriwa zipu ya begi saa moja kabla ya safari akamwachia chupa ya bia kama shukrani. Haikuwa bia ya kiwandani. Ilipikwa palepale mwisho wa barabara, nyuma ya gereji, na mwanamke kijana aliyekuwa na mapipa manne ya chuma na moyo mkubwa. Mke wa Gramu aliifungua Jumamosi saa kumi alasiri, wakagawana. Gramu alikunywa nusu ya glasi yake, akaitazama kwenye mwanga, halafu akaanza kuzungumza. Akamsimulia juu ya sonara mmoja aliyekuwa akipima dhahabu dirisha likiwa wazi siku za upepo tu, na juu ya muuza mchele aliyelia alipoonyeshwa kwamba mizani yake imempunja yeye mwenyewe miaka sita. Alizungumza saa nzima. Mkewe alisahau hata kuwasha taa ya cherehani.

Mwisho Gramu akauliza, "Hii ni bei gani?"

Mkewe akajibu pasipo kufikiri, "Bei ya bia ya kawaida tu."

Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe kule nyuma ya gereji, amekunja mkononi pesa aliyopewa na mumewe ya bia moja ya kiwandani. Akasoma kibao cha bei. Chupa moja ilikuwa bei ya bia nne. Alisoma mara mbili, akatoka nje, akasimama. Karibu arudi nyumbani. Kisha akaikumbuka ile saa nzima ya mazungumzo, akapiga moyo konde, akaingia tena. Pesa za kujazia zilitoka kwenye zipu, na zilikuwa zipu tatu. Tangu hapo zipu tatu za kila wiki zilikuwa na pa kwenda.

Ukawa ndio mtindo wao. Kila Jumamosi saa kumi aliweka glasi mbili mezani, na Gramu aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na ukingo wa meza. Alimimina kidogo hapa, kidogo pale, akasubiri povu litulie, akaongeza tone. Fundi mwashi angeweza kuja na pima-maji yake asipate kosa. "Nusu kwa nusu," alisema kila mara, akakaa sawasawa, na mazungumzo yakaanza. Hayo yalikwenda mwaka mmoja na miezi miwili.

Jumatano moja, wakiwa wanakula mchana, Gramu akasema kwamba ameitwa kule kwa mpika bia. Mizani yake ya kupimia kimea imekwama, na kesho asubuhi anakwenda kuiona.

Kijiko kilimdondoka mkewe. Njia ya mwongo ni fupi, yeye alilijua hilo toka utotoni, ila hakutegemea kwamba ya kwake ingeishia nyuma ya gereji. Duka lile lilikuwa pekee mtaani ambalo mumewe hakuwa ameingia, kwa kuwa bia haiuzwi kwa kilo. Na mle ndani, juu ya meza, kilining'inia kibao chenye maandishi ya chaki makubwa kama vichwa vya watoto. Gramu akikisoma, ataweka glasi chini na hatainyanyua tena. Atasema basi, tuache, na hatasema kwa hasira, atasema kama mtu anayefunga dirisha. Na ile saa ya Jumamosi itaondoka nayo.

Vyombo hakuviosha. Alijifunga khanga, akaenda.

Alimkuta mpika bia amevaa mabuti ya mpira, anasugua pipa, chumba kizima kinanukia uji na mkate kwa pamoja. Akamweleza yote bila kupunguza. Yule binti alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Alipomwona mama wa watu hacheki, akanyamaza, akamwambia kwamba kama shida ni bei, yeye yuko tayari kumuuzia kwa bei ya kiwandani, chupa moja kwa wiki haitamfilisi.

"Hapana, mwanangu," mke wa Gramu akasema. "Nikikupunja na wewe watakuwa wawili. Huyu mmoja ninayemdanganya ananitosha."

Alichotaka ni kibao kigeuzwe uso ukutani mpaka mumewe aondoke, na mdomo ufungwe juu ya bei. Binti akaapa, akapanda kiti, akakigeuza hapohapo.

Alhamisi ilikuwa ndefu. Gramu alikuwa amesema atarudi saa tano. Saa tano ikapita, ikaja saa sita. Mkewe alishona zipu ya sketi kichwa chini miguu juu, akaifumua, akaishona vilevile tena. Mwenye sketi alitazama akashika adabu yake. Saa nane kasoro Gramu akaingia na begi lake la vifaa, akalitua polepole kuliko kawaida, akakaa kwenye kiti cha wateja. Mwenye sketi akapewa ahadi ya kesho, akaenda zake.

Mkewe akauliza mizani ilikuwa na nini. Springi imechoka, Gramu akasema, na kwa kuwa yeye hawezi kuondoka kabla hajaijaribu mizani kwa mzigo wake halisi, walipima vitu vyote vya mpiko mmoja. Magunia ya kimea. Maua ya hopsi ya kuipa bia uchungu wake, pakiti ndogo zinazotoka mbali na kuuzwa kama manukato. Akauliza bei ya kila kimoja, gesi inayokwenda, chupa zinazojaa, chupa zinazopasuka, siku ambazo pipa linakaa bila kuguswa. Hakuwa na nia mbaya. Ni kwamba hajawahi kuona uzito wa vitu viwili pamoja asiugawanye.

"Nimegawanya gharama kwa chupa njiani nikirudi," alisema. "Nikasimama. Nikagawanya tena. Mke wangu, kwa bei unayoniambia, yule binti angekuwa amefunga mlango kabla hujanunua chupa ya tatu."

Mkewe akashika gurudumu la cherehani ingawa halikuwa likizunguka. Kwa kitu cha kusema, akauliza kama hakuona kibao cha bei.

"Kimegeuzwa uso ukutani. Vumbi la nyuma lote liko mbele."

"Hukukigeuza?"

"Sikukigusa. Kitu kilichogeuzwa hivyo kuna mtu kimemsitiri."

Akamtazama. Thelathini na mmoja ni miaka mingi ya kusikiliza springi, na mwanamke naye akajua kwamba za mwizi ni arobaini na leo ndiyo siku yenyewe. Basi akasema. Bei ni ya bia nne, siyo ya moja. Gramu akauliza tatu zimetoka wapi. Akamwambia zipu. Kila wiki? Kila wiki.

Gramu akageuzia macho begi lake la vifaa. Nje, mtu aliita jirani, jirani akaitika. Mkewe akaiona ile "basi" inavyokuja, akaamua kuitangulia.

"Ukitaka tuiache, tutaiacha. Lakini ujue sikuwa nalipia bia. Mimi bia yoyote nakunywa. Wiki nzima humu ndani nasikia cherehani tu, baba. Jumamosi nakusikia wewe. Ningeambiwa ni zipu kumi, ningeshona kumi."

Alikuwa hajawahi kumwambia kitu cha namna hiyo, hata siku ya harusi. Machozi yakaja, akayafuta kwa kipande cha bitana.

Gramu akainama kwenye begi. Akatoa jiwe la kilo tano, akaliweka sakafuni, akatoa la kilo mbili, na katikati ya kitambaa cha kufutia grisi akatoa chupa. Ilikuwa Alhamisi.

Akaeleza, akiitazama chupa na siyo mke, kwamba aliposimama njiani hakuendelea na safari, alirudi. Akamwambia yule binti amtajie bei. Binti akakataa, akasema ameapa na kiapo si kitu cha kuchezea. Basi yeye akaweka mezani pesa aliyoipata kwenye hesabu yake mwenyewe, akasema achukue iliyo haki na arudishe iliyo yake. Binti akahesabu, akamrudishia sarafu mbili.

"Nilizidisha kwenye gesi," alisema, na ilionekana kosa hilo linamuuma bado.

"Kwa hiyo si ghali?"

"Ni ghali sana," Gramu akasema. "Lakini haiibi."

Mkewe akaenda kuleta glasi. Alizisuuza muda mrefu kuliko zilivyohitaji, akaosha na uso, akarudi, akazipanga juu ya meza ya kukatia nguo kati ya chaki na mkasi. Gramu akainama mpaka jicho likawa sawa na meza. Akamimina kidogo hapa, kidogo pale, akasubiri povu. Akaongeza kwenye glasi ya mkewe. Akaongeza tena. Bia ikapita pale ambapo siku zote husimama, ikapanda vidole viwili juu ya ile nyingine, na chupa ikaisha.

Kwa mara ya kwanza mkewe aliingiwa na hofu ya macho ya mumewe. Akawaza daktari, akawaza miwani, akawaza wenye mabucha watakavyofurahi.

"Yangu imezidi," akamwambia kwa upole.

"Najua."

Alimsogezea. Halafu akaegemea kiti cha wateja, akaanza kumweleza jinsi yule binti anavyowakwepa vyura wanaopenda kulala ndani ya mabuti yake, na jinsi mizani yake ilivyokuwa ikimpunja kimea mwaka mzima bila yeye kujua, ndiyo maana bia ya miezi ya nyuma ilikuwa nyepesi kidogo, je, hakuona? Mkewe hakuwa ameona. Akamwambia aendelee. Gramu akaendelea, akafika kwenye springi, akatoka kwenye springi akaingia kwa mwalimu wake wa ufundi aliyemchapa kwa kupoteza jiwe la gramu tano, habari ambayo mkewe hakuwahi kuisikia katika ndoa nzima. Jua lilihama kutoka kwenye cherehani mpaka mlangoni. Ni hapo ndipo mkewe alipotazama meza, akaona glasi ya mumewe imejaa vilevile, povu limekwisha, na hajaionja hata tone.