Toleo Jipya la Simba wa Tumati

Rogers alisema baba yangu anaboa. Alisema hivyo ofisini kwa walimu, chai ikiwa mdomoni, na nikamnunia siku mbili nzima.

"Sijasema mzee mwenyewe, Hilda," alijitetea. "Nasema yule wa kwenye gemu. Hakosei, hachoki, haogopi. Mchezaji anabonyeza mara moja, simba chali. Mtu atacheza mara ngapi?"

Alisema kweli, ndiyo maana nilikasirika. Gemu ile ya simu, Simba wa Tumati, tuliitengeneza sisi wawili: yeye mwalimu wa kompyuta aliyepangiwa Mbulu kutoka Bukoba, mimi mwalimu wa historia mwenye hadithi ya nyumbani. Mwaka 1963 baba yangu, Akonaay, alimuua peke yake simba aliyekuwa anamaliza ng'ombe wa Tumati. Rafiki yake Margwe, aliyetoka naye asubuhi ile, alitupa mkuki akakimbia, na simba akamkamata kwa nyuma akamuua. Ndivyo ilivyosimuliwa tangu sijazaliwa. Katika gemu nilimfanya Margwe akimbie huku shuka likimvuka, watu wacheke. Wakacheka kweli. Walirushiana gemu ile kutoka simu hadi simu, Tlawi, Tumati, mpaka Hirbadaw huko Hanang.

Sasa, mwaka 2019, yalitangazwa mashindano ya vijana wabunifu kule Babati, na tulitaka kupeleka toleo jipya. Rogers akapendekeza baba aogope. Rafiki atangulie kumkabili simba, baba abaki nyuma kwa sababu amembeba mtoto mgongoni, na hadi amshushe mtoto, rafiki ameshaanguka. Hakuna aliyetusimulia hayo. Tuliyatunga tu pale mezani, kati ya kipindi na kipindi. Lakini jina ni la baba, na kwetu mzazi akikataa jambo kwa kinywa chake hulifanyi ukalala salama. Ilibidi aone, akubali.

Jumamosi mchana tukamkuta uani kwake Tumati, ameketi kwenye kigoda anapukuchua mahindi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Huyu ndiye mwalimu wa mashine?"

"Ndimi, mzee. Shikamoo," Rogers alisema, akainama vizuri. Ugeni ulikuwa umemwingia.

Hatujakaa sawasawa, Sulle akaingia. Sulle ni mtoto wa marehemu Margwe, alizaliwa miezi mitano baada ya simba, na shamba lake linapakana na letu. Alikuwa na fimbo yake ya kuchungia. Alipita mbele ya baba bila shikamoo. Mtu mzima wa miaka hamsini na sita, kwa mzee wa miaka sabini na tisa! Nikajua leo kuna jambo.

"Shikamoo kaka," nilisema haraka.

Hakuitikia. "Mwalimu Hilda, binti yangu ameacha shule. Unajua wanamwita nani huko darasani? Wanamwita Shuka. Akisimama kujibu swali, wanamwambia kimbia, kimbia. Mimi nimeimbiwa hivyo tangu nikiwa mdogo, nikanyamaza. Sasa na Veronica? Mfute baba yangu kwenye simu zenu. Leo. Nikiwa hapa hapa."

Nilipaswa kuomba radhi. Badala yake nilipandisha sauti, kwa sababu nilikuwa na aibu na aibu yangu hutoka kwa ukali. Nikamwambia ile ni gemu tu, sikutunga mimi historia ya Tumati. Sulle akasogea hatua moja. Rogers akasimama kati yetu, ameshika simu juu kama anaonyesha kitambulisho.

"Kaka Sulle, tafadhali. Toleo jipya halina shuka. Baba yako hakimbii. Angalia mwenyewe, na mzee aangalie."

Akampa baba simu kwanza, kwa heshima ya umri, na Sulle akainama nyuma ya bega lake. Mimi nilikuwa naijua picha ile kwa moyo: nyasi ndefu, Margwe anatangulia na mkuki, baba amesimama nyuma, hasogei. Simba anatoka. Baba bado hasogei.

Mzee aliishusha simu gotini.

"Nani amekwambia?"

"Amenambia nini, baba?"

"Usinichezee, Hilda. Ni mama yako, Letisia. Aliniapia kwa Mungu kwamba atakufa nalo."

Mama yangu alikufa miaka mitatu nyuma, hospitalini, ameshika mkono wangu. Hakuniambia lolote kuhusu simba.

Rogers maskini hakuelewa kitu. "Mzee, hakuna aliyetuambia. Tumetunga tu wenyewe."

Baba alimtazama Rogers, akanitazama mimi, na niliona ameelewa kwamba hakuna shahidi. Angeweza kucheka. Angeweza kusema kichwa cha mzee kimechoka, tungemwamini, au tungejifanya. Nami naungama: nilitamani aseme hivyo. Nilimwomba kwa macho adanganye.

"Huyo mtoto mtoeni," alisema.

"Mtoto gani, baba?"

"Huyo mliyenibebesha mgongoni. Sikuwa na mtoto. Nilikuwa na mkuki mkononi na miguu yangu mizima, na sikusogea."

Sulle alikuwa bado nyuma ya bega lake. Sikuwahi kuona mtu akishika fimbo namna ile, mishipa yote ya mkono imesimama.

"Baba yangu alikimbia?" aliuliza taratibu.

"Hakukimbia. Alimchoma simba hapa, chini ya shingo, na simba akamwangukia. Aliniita jina mara mbili. Simba alikufa kwa mkuki wa Margwe, juu ya kifua chake. Walipotulia wote wawili ndipo nikasogea. Nikakata mkia."

Mambo mengine niliyajua, sasa yakageuka yote. Aliyeua simba alizungushwa boma kwa boma akionyesha mkia, wanawake wakampaka siagi kichwani, wakampa mitamba. Kwa mitamba hiyo baba alimwoa mama yangu. Shule yangu, viatu vyangu vya kwanza, jina langu zuri kijijini, vyote vilitoka kwenye mkia ule.

"Mama yangu alikupaka siagi," Sulle alisema. "Wanasimulia mpaka leo. Mjane wa mwoga alimshukuru aliyemlipizia."

"Alinipaka."

Fimbo ilipanda. Rogers akaita jina la Yesu. Mimi sikusogea, na hilo linaniuma mpaka leo. Baba hakuinua hata mkono kujikinga. Fimbo ikakaa juu, ikakaa, kisha Sulle akaishusha mwenyewe, anahema.

"Jumapili nitasema kanisani," baba alisema. "Mbele ya wote."

"Si Jumapili. Sasa. Mama yupo nyumbani, mzima. Simama."

Tukateremka njia ya mashamba, baba mbele, Sulle nyuma yake na fimbo, mimi na Rogers mwisho. Ni mwendo wa dakika kumi. Mama Sulle, Lucia, alikuwa amekaa kwenye gunia mbele ya mlango anachambua maharage. Alitutazama tulivyopangana akaacha kuchambua. Baba alivua kofia.

"Margwe hakukimbia," alisema. "Mwoga ni mimi. Simba alikuwa wake."

"Najua," Lucia alisema.

Nilidhani hakusikia vizuri.

"Walipomleta nilimfunua kabla hawajamzika. Kifua na uso vilikuwa vimeraruka vibaya. Mgongo ulikuwa mzima, hauna hata mkwaruzo. Simba anamkamataje mtu kwa nyuma asimguse mgongo?"

"Na bado ukanipaka siagi?" Sauti ya baba ilikuwa ndogo.

"Nilikuwa na mimba ya huyu. Wazee walishasema alikimbia. Msichana wa miaka kumi na tisa angesema nini, na nani angemsikia? Nikakupaka."

Sulle alimpita baba, akaenda kusimama mbele ya mama yake.

"Na mimi? Nimetembea na kichwa chini maisha yangu yote. Kwa nini hukuniambia hata mimi?"

Lucia aliangalia uso wa mwanawe, kisha fimbo.

"Ungemuua," alisema. "Ungemuua, wangekufunga, na mimi ningebaki na nani?"

Sulle akakaa chini kwenye udongo kando ya mama yake, mtu mzima yule, akalia kwa sauti. Baba yangu alibaki amesimama na kofia mkononi. Hakuna aliyemwambia akae.