Jino la Baba Mdogo Kibwana

Jino la baba mdogo Kibwana liliuma mara moja tu kwa mwaka, siku ya tambiko. Aliyeligundua jambo hilo wa kwanza ni Saida, tena akiwa mtoto wa darasa la tatu, kabla hajaacha shule. Asubuhi baba mdogo alikuwa akitafuna muwa vizuri tu. Mbuzi akishachinjwa makaburini, mkono ulipanda shavuni, na mama yake, Bibi Mwanaharusi, akaanza kumkorogea uji wa sukari nyingi. Kesho yake jino lilikuwa limepona, na baba mdogo anasomesha watoto madrasa kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Saida hakumwambia mtu. Pale Mkange watu walisema hata mtungi hulia ukigongwa, lakini Saida halii.

Mwaka huu tambiko lilikuja na mgeni. Kaka yake Saida, Najim, anayefyatua matofali Mapinga, alitaka kumuoa Sophia, binti Mkristo wa Msata anayefundisha watoto dini kanisani kwao. Baba mdogo, pamoja na ualimu wake wa madrasa, hakuwa na kipingamizi. Alisema hao ni watu wa Kitabu, ndoa inajuzu. Mwenye neno alikuwa Bibi. Yeye, alisema, haulizi mtu anasali wapi, anauliza kama atakula na wenzake. Aje kwenye tambiko, ale nyama ya wazee, awe mtu wa nyumbani. Asipokula, Najim atafute mke mwingine, au atafute bibi mwingine.

Najim alirudi kwa dada yake uso umemshuka. Sophia hawezi kula nyama iliyochinjiwa wazee makaburini. Keshasema.

Saida alimpenda Sophia tangu siku alipokuja kusalimia. Sophia alimuuliza kitu, kisha akangoja jibu, hata jibu lilipochelewa. Watu wengi huwa hawangoji. Basi Saida akafikiri, na akili ya mtu asiyesema huwa na nafasi ya kutosha. Mgeni wa tambiko hali kwenye sinia na wengine. Hupewa sahani yake, ikafunikwa kawa, ikafunuliwa mbele ya Bibi. Saida akamtuma Najim anunue nyama ya mbuzi bucha, kule Msata. Mbuzi ni mbuzi. Ikishaiva nani ataijua?

Siku yenyewe Sophia alifika mapema, akajifunga kanga kiunoni, akashika jembe na kupalilia makaburi yote, hata yale ya pembeni ambayo wenyewe huyaruka. Bibi alimtazama kwa mbali. Hakusifu, ila aliamuru mgeni apelekewe maji ya dafu, na kwa Bibi hilo lilikuwa jambo kubwa.

Mbuzi akachinjwa, jino la baba mdogo likaanza. Saida akamwita Sophia jikoni, akamwonyesha sufuria ndogo iliyofichwa nyuma ya kuni, akamnong'oneza mpango wote. Sophia alicheka hadi akakaa kwenye kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi. Kisha kicheko kikamwisha.

Akamsimulia Saida habari ya Wakristo wa zamani, wa enzi za Warumi. Mfalme alitaka kila mtu atoe sadaka kwa miungu ya dola. Haikuwa kazi kubwa: chembe ya ubani motoni, kipande cha nyama mdomoni, basi, nenda nyumbani. Wengine walikataa wakafungwa, wengine wakauawa. Wengine wakaona njia ya katikati, wakanunua cheti cha kusema wametoa sadaka, na hawakutoa. Hao walipona. Lakini mambo yalipotulia, waliporudi kusali na wenzao, walishindwa kuwatazama usoni.

"Sasa kosa lao nini, wifi?" Saida aliuliza. "Si hawakutoa?"

"Hawakutoa. Ila waliwaacha watu waamini wametoa." Sophia aliifunika ile sufuria taratibu. "Mungu hana njaa, Saida. Nyama haihitaji, ya bucha wala ya makaburini. Anachotaka ni mimi mzima, nisiwe nusu huku nusu kule. Nikila hii mbele ya bibi yako, nitakuwa nimeingia nyumba hii kwa kumdanganya mwenye nyumba."

Saida alitamani kumwambia kwamba mtu huweza kuishi na uongo mdogo vizuri tu, baba mdogo ni shahidi. Lakini mdomo ulikuwa ule ule wake, usiotoa siri za watu.

Nje jamvi lilikuwa limeshajaa. Sahani ililetwa, kawa ikafunuliwa, na nyama ilikuwa ya tambiko kweli. Sophia akapiga magoti mbele ya Bibi.

"Bibi, nisamehe. Hii siwezi kula. Dini yangu inanikataza. Makaburi nitayapalilia kila mwaka ukiniruhusu, na vyombo nitaosha vyote. Lakini hii hapana."

Watu wakaacha kutafuna. Najim alitazama vidole vyake vya miguu kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

"Tangu niolewe hapa," Bibi alisema, "hajakaa mtu kwenye jamvi hili akakataa kula. Hata mmoja."

Kando yake baba mdogo, mkono shavuni, alikuwa akipuliza uji. Saida akamwona, akamwona Sophia naye akianza kunyanyuka aende zake, na kitu kilichokaa kifuani miaka yote kikajisukuma chenyewe.

"Yupo, Bibi," alisema. "Jino la baba mdogo halijawahi kuuma."

Mtu mmoja alipaliwa. Baba mdogo akashusha mkono, akautazama kama mkono wa mtu mwingine.

"Mama," alisema, "nyama hii si halali kwangu pia. Niliogopa kukuudhi."

Bibi alimkazia macho mwanawe, kisha bakuli la uji, kisha mwanawe tena. "Kumbe sukari yangu yote ile, Kibwana."

Kicheko kilianzia upande wa wanawake, kikazunguka jamvi, kikamfikia hata Najim. Bibi hakucheka. Alimshika Sophia mkono akamkalisha chini karibu yake.

"Mwanangu ameniogopa, akanidanganya. Wewe umeniogopa, ukaniambia. Kaa hapa. Leteni mhogo wa kuchoma, ale na huyu mgonjwa wa jino." Kisha akageuka. "Na wewe, mtungi wangu uliolia leo. Umeona ya wenzako yote. Wewe mwenyewe unakula?"

Wote wakamgeukia Saida. Angeweza kutikisa kichwa tu, ingetosha.

"Nakula, Bibi," alisema. "Lakini nikisimama kaburini kwa babu, ninyi mnapomwomba mvua na afya, mimi simwombi kitu. Huwa namwomba Mungu ampumzishe babu."