Nyumba Zimezidi Kaya

Usiku wa kuamkia Jumatatu niliota nchi za Ulaya zimepanga foleni kupimwa, kila moja imebeba nyumba zake kichwani, kaya zake zinaifuata nyuma. Na mimi nimo kwenye foleni hiyo hiyo, na fomu mkononi.

Fomu ilikuwa ya binti yangu Muhsina, aliye kwa bibi yake Tanga. Mwezi wa nane anatimiza miaka kumi na minane, na akishatimiza, basi tena, siwezi kumleta kama mtoto wangu. Kabla ya hapo watu wa uhamiaji wanataka niwaonyeshe nyumba. Nami huku Dublin nalala kwenye kochi la Bi Hidaya, mwaka wa tatu huu.

Anayepima ni mizani. Mizani yenyewe, imevaa tai. Inaweka nyumba huku, kaya kule, kisha inasoma kwa sauti ya mtu aliyeichoka kazi.

"Ureno, nyumba zimezidi. Italia, nyumba zimezidi. Bulgaria, zimezidi mno, na hebu zinyamaze."

Ni kweli zilikuwa zinalia. Nikaisogelea nyumba moja ya matofali, yenye mzabibu mlangoni.

"Mwenzangu, unalilia nini?"

"Mwaka wa kumi na moja huu sijasikia mtu akikohoa ndani yangu."

Nilifurahi, nikaukumbatia ukuta wake. "Basi tuchukue sisi! Mimi na binti yangu. Tutakohoa mpaka utuchoke."

"Ningependa, dada. Lakini nimeshajumlishwa. Nikitoka, nitaharibu jumla."

Mara foleni imo ndani ya jiko. Sijui tumeingiaje. Uholanzi amekaa juu ya friji. Mbele yangu iko Kaya ya Wastani: baba, mama na goti.

"Huyu ndiye mtoto wetu," mama akaniambia. "Sisi ni watu wawili na robo."

Nikampa hongera. Goti lenyewe lilikuwa limepakwa mafuta vizuri. Wakapewa nyumba ya vyumba viwili, kimoja cha goti. Nikaumia, sikufichi. Goti lina chumba, Muhsina hana.

Zamu yangu inafika.

"Kaya?" mizani inauliza.

"Moja. Mimi na binti yangu."

"Kaya ni watu wa sufuria moja. Wewe unakula sufuria ya nani?"

Sasa jamani, nijibu nini? Mtu amenihifadhi miaka mitatu, niseme mbele za watu kwamba najipikia? Kwetu huko ni kutangaza ugomvi. Na sufuria ya Bi Hidaya ipo pale pembeni, imekunja mikono, inanisikiliza.

"Tunakula pamoja," nasema.

"Kweli," inadakia sufuria. "Na ukoko humaliza yeye."

"Basi wewe si kaya," inasema mizani. "Wewe ni mtu wa Hidaya. Hidaya ana nyumba. Kaya moja, nyumba moja, hakuna upungufu."

"Na Muhsina?"

"Anakula wapi?"

"Tanga."

"Ni wa sufuria ya Tanga. Anayefuata!"

Natazama fomu. Jina la mwanangu linafutika, herufi moja baada ya nyingine, na mimi nimesimama tu na adabu zangu. Adabu gani tena? Napanda juu ya meza, napiga yowe:

"Uongo! Najipikia mwenyewe! Sili sufuria moja na Hidaya, sikitaki chakula chake!"

Mizani inaandika.

"Haya. Kaya imeongezeka moja."

"Na nyumba?"

"Nyumba haikuongezeka."

Nikaamka koo linaniwasha, kama mtu aliyepiga yowe kweli. Kumeshakucha. Bi Hidaya yuko jikoni, amenipa mgongo, anakoroga uji. Miaka yote mitatu tumekunywa uji wa pamoja. Leo jikoni kuna sufuria yake, na kando yake kile kisufuria cha kuchemshia yai, ndani yake uji wa mtu mmoja.

"Shikamoo, Bi Hidaya."

Alikoroga kwanza.

"Marahaba. Chako hicho, mwanangu. Ukipata na nyumba, utaniambia."