Kasa Aliyeshindwa Kuzama

Aliyemgonga ni kaka yangu. Naanza hapo kwa sababu pale hospitalini hakuna aliyemuuliza, na bado alijitangaza mwenyewe kwa kila mtu, hadi kwa mfagizi.

Kaka alikuwa nahodha wa boti ya abiria. Siku hiyo alisikia kishindo kwenye rafadha, lile panga la injini linalosukuma boti, akazima injini, akaona damu. Akamwopoa kasa jike, akamfunga kwa pazia jeupe la botini na kumleta kwangu, kwa kuwa mimi ni muuguzi wa hospitali ya wanyamapori. Kwa lile pazia, wenzangu wakambandika jina la Bi Harusi. Baada ya hapo hatukutaniana tena kwa siku nyingi.

Rafadha ilikuwa imepasua gamba juu ya kiuno. Tulisafisha kidonda, tukaziba ufa, tukamtundikia dripu, na kidonda kikaanza kufunga. Lakini hewa ilikuwa imenasa ndani ya mwili, upande wa nyuma, na miguu ya nyuma haikusogea kabisa. Tangini alielea makalio juu, kichwa chini, kama bata anayetafuta kitu matopeni. Alipiga mapezi ya mbele mpaka akachoka; chini hafiki. Ngisi tulimpelekea hadi mdomoni, akageuza uso. Tukabaki kumlisha uji wa samaki kwa mpira. Aliingia akiwa na kilo sabini na nne. Wiki ya tano mizani ilisoma hamsini na nane.

Kaka alikuja kila asubuhi, akageuza ndoo akaikalia, macho tangini. Boti hakuigusa tena. Mama alinipigia simu.

"Mwanangu, huyo mgonjwa wako anakula?"

"Bado, mama."

"Basi na huyu wangu ni hivyo hivyo. Jana sahani imerudi jikoni kama ilivyotoka."

Jumatano daktari, mzee asiye na maneno mengi, alimsikiliza kasa mapafu, akavua miwani. "Ijumaa tumpumzishe kwa sindano. Sasa tunamtesa."

"Dokta, tumpe wiki moja."

"Wiki ya kufanya nini?"

Nilijifungia stoo ya dawa nikalia, uso nimeufukia kwenye taulo. Sikumlilia kasa peke yake. Kaka alishaniambia, "Akifa, mimi usinipigie simu. Mwambie mama." Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha.

Nilipotoka nilimkuta kaka amepiga magoti kando ya tangi. "Boti ikiinama," alisema, "hatuibembelezi. Tunahamisha mzigo."

Daktari alisikia. Alisema kuna waliowahi kubandika uzito kwenye gamba, ila yeye hajawahi. Akashusha pumzi. "Haya. Mfa maji haachi kutapatapa."

Alhamisi kaka alileta vipande sita vya madini ya risasi, kingo amezilainisha kwa tupa. Tukavibandika nyuma ya gamba, tukamshusha. Akazama! Nilipiga makofi kama mjinga.

Kisha akataka kupanda, akashindwa. Alipiga mapezi, akapiga tena, mapovu yakamtoka puani. Sijavua hata viatu, kaka alishajitosa na nguo zake. Alimkumbatia kwa chini akamwinua, maji yamemfika kidevuni.

"Vuta pumzi, mama. Nakuomba, vuta. Nisamehe, vuta."

Tangu utotoni sikuwahi kumsikia kaka akimwomba yeyote msamaha. Niligeukia ukuta. Nyuma yangu nikasikia mkoromo mzito, kama mtu anayeamka usingizini. Alikuwa amevuta.

Tulibandua kipande kimoja kimoja. Vilipobaki vitatu, alilala sawasawa majini. Akashuka, akapanda kuvuta hewa, akashuka tena. Lakini hakula.

Ijumaa daktari alikuja na sindano kwenye trei. Alisimama kando ya tangi karibu saa nzima, halafu akairudisha trei alikoitoa. Jumapili kaka aliangusha ngisi hadi chini. Bi Harusi alimzunguka yule ngisi mara mbili, akamng'ata, akammeza. Hakuna aliyeshangilia, tuliogopa hata kukohoa.

Miguu ya nyuma haikurudi. Baada ya miezi mitano daktari alituambia wazi kwamba baharini hatakwenda tena.

"Kwa hiyo nimemfunga maisha," kaka alisema. Ilikuwa kweli.

Sasa Bi Harusi anaishi kwenye bwawa kubwa la uani. Kaka aliacha unahodha, akaomba kazi ya kusugua matangi, akapewa. Mama anasema siku zitamponya. Mimi sijui. Ila juzi kaka alimkaripia daktari kwa kufunga mlango kwa nguvu, eti mgonjwa kalala, na yule mzee akaomba radhi.