Rangi ya Dhahabu Kwenye Nyaya

Kamati ya ununuzi ilikuwa na watu kumi na mmoja, na katika hao hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kupanda ngazi kupita kidato cha tatu. Hao ndio walioununulia ukumbi bembea ya sarakasi, ile ya juu kabisa, ambayo mrukaji huiachia akiwa hewani na kudakwa na mwenzake upande wa pili. Walipoletewa picha, Fundi aliwaambia waulize nyaya zimesukwa kwa nyuzi ngapi na zinabeba uzito gani. Wao wakauliza kama ipo ya rangi ya dhahabu. Haikuwepo. Wakasononeka, wakainunua hivyo hivyo.

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache na spana nyingi. Kuufunga mtambo kulimchukua siku kumi na nane: kutoboa kuta, kumwaga zege la kushika vyuma, kuvuta nyaya nane mpaka zikawa zinalia kama zeze ukizigusa. Mkurugenzi wa ukumbi alitaka wavu usogezwe kwa kuwa ulikaribia kiti cha mgeni rasmi.

"Wavu unakaa pale mtu anapoangukia," Fundi alimwambia, "si pale mgeni anapopenda."

Kikasogezwa kiti. Lakini Mkurugenzi aliliweka neno hilo moyoni, na moyo wake ulikuwa ghala.

Tangu hapo, kila asubuhi, kwa miezi mitatu ya mazoezi, Fundi alipanda na kipande cha pamba mkononi. Alikipitisha juu ya kila waya, taratibu, kama mama anayempapasa mtoto mwenye homa. Uzi wa chuma ukikatika, hata kama jicho halijauona, pamba hunasa. Isiponasa, Fundi hushuka na kutia saini daftari lake, ambalo ndani ya jalada aliandika sheria moja: *Anayetia saini ndiye anayebembea kwanza.* Naye alibembea kweli, tumbo na vyote. Baada yake ndipo hupanda mdogo wake wa kike, mrukaji, ambaye watu walimwita Mbayuwayu.

Asubuhi ya uzinduzi Fundi alifungua mlango wa ukumbi akasimama. Nguzo na ngazi zilikuwa za dhahabu. Nati zilikuwa za dhahabu. Nyaya zote nane, kutoka ukutani hadi kwenye bembea, zilimetameta kama meno ya tajiri. Kazi ya siku moja tu, jana yake, siku aliyopewa mapumziko. Sakafuni palikuwa na vumbi la chuma, na kandokando mafundi rangi walikuwa wamesahau diski ya mashine ya kusagia chuma.

Akapanda. Pamba ikateleza juu ya rangi bila kunasa popote. Kwa pamba ile, hata waya uliooza ungekuwa mzima.

Mbayuwayu alimkuta ameketi chini, daftari limefungwa. Nyuma yake alikuja mumewe, Mdakaji, mwenye mabega ya mlango na mdomo wa redio.

"Kaka, mbona umeganda?"

"Leo sitii saini."

"Shemeji," alisema Mdakaji, "wewe ungekuwa mkunga, ungewarudisha watoto tumboni mpaka ukague vitovu."

Mbayuwayu hakucheka. "Miezi mitatu nimengoja siku hii. Watu wakiniuliza niseme nini? Kaka yangu ameshindwa na rangi?"

"Sema hivyo. Mradi kesho uwe na mdomo wa kusemea, na mgongo wa kusimamia."

Mbayuwayu akamgeukia kwa jicho la kisu, akaenda kuketi mbali.

Mkurugenzi akaingia amevaa suti mpya. "Fundi, mgeni rasmi yuko njiani. Nimekupambia mtambo, hata asante hamna?"

"Umepaka poda juu ya kidonda."

"Kidonda gani?"

"Ndiyo sijui. Umekifunika."

"Lete daftari. Saini yangu imepitisha madaraja, itashindwa na bembea?"

Fundi akampa daftari, akampa na kalamu, kisha akamfunulia jalada. Mkurugenzi alisoma ile sheria mara mbili, kama anayesoma majibu ya hospitali. Mdakaji, ambaye utani haumpiti, akaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Karibu, mkuu. Vidato ishirini na sita tu. Viatu acha hapa, tutavitunza."

Wahudumu waliokuwa wakipanga viti walisimama kutazama. Mkurugenzi hakuwa na pa kurudi nyuma. Alipanda cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha tatu akaikumbatia ngazi na kufumba macho, akakaa hivyo mpaka honi ya gari la mgeni ikasikika nje. Hajawahi mtu kushuka kwa furaha namna ile. Saini hakutia. Rangi ya ngazi, iliyopakwa mwisho, ilikuwa haijakauka, na viganja vyake vilikuwa vya dhahabu.

Akampa mgeni mkono. Mgeni akawapa wajumbe, wajumbe wakapeana wao kwa wao, na wakati wa kukata utepe hapakuwa na mheshimiwa ambaye kiganja chake hakikung'aa. Mkurugenzi akahutubia: mtambo huu ni salama kupita yote, tangu uzinduliwe hajaanguka mtu. Na kweli, maana hakuna aliyeruka. Wakapiga makofi kwa viganja vyao vya dhahabu.

Walipoondoka, Fundi alichukua mafuta ya taa na matambara. Alisugua waya wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu, upande anaorukia Mbayuwayu, alipitisha pamba. Ikanasa. Akasugua zaidi, akahesabu nyuzi zilizokatwa na ile mashine, mafundi rangi walipoukwaruza waya ili rangi ishike vizuri. Zilikuwa kumi na moja, sawasawa na wajumbe wa kamati.

Hakumwita mtu. Mbayuwayu alipanda mwenyewe, akaweka kidole pale, akakiondoa kina damu. Chini, Mdakaji aliyekuwa akitazama akaishika ngazi kwa mikono miwili.

Mbayuwayu akafuta kidole kwenye nguo yake.

"Lete tambara," alisema. "Upande ule nasugua mimi."