Mkono Mzito

Katika nyumba ile ya waoka mikate palikuwa na desturi: aliyeingia mwisho ndiye anayekanda unga wa alfajiri. Wengine husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; hawa hawakuingojea hata hiyo ya tatu. Mkamwana, aliyeolewa humo majuzi, aliipokea kazi kwa moyo mkunjufu, maana kukanda ndiko alikokupenda tangu utotoni kwao.

Lakini mikate yake ilitoka imejikunyata. Ile ya mchana, iliyokandwa na mama mkwe, iliumuka vizuri. Wateja wana macho, na mama mkwe alikuwa na macho na mdomo pia.

"Mwanangu, una mkono mzito," alimwambia siku moja akipangusa meza. "Hata mimi nilipoolewa hapa niliambiwa hivyohivyo. Nikalia wee! Shemeji yangu alipooa, mkono ukapona wenyewe. Ila sasa biashara haisubiri. Wiki ijayo utahamia kaunta, tutafute mtu wa kukanda."

"Sawa, mama," akaitikia, kisha akaenda stoo kulia juu ya magunia.

Wifi yake akamkuta huko. Wifi alisomea ualimu, na muhula ule walikuwa wakifundishwa utafiti; ole wako ukae naye meza moja.

"Mama amelinganisha tu," wifi alisema. "Kaona mikate yako, kaona yake, kakimbilia sababu. Lakini wewe uliwekwa alfajiri kwa sababu ni mgeni. Mkono wako na alfajiri havijawahi kuachana. Utajuaje kipi kinaharibu mkate?"

"Sasa tutajuaje?"

"Tuvitenganishe kwa makusudi. Unga uleule, hamira ileile, maji yaleyale. Nani akande saa ngapi, kura iamue. Hilo ndilo jaribio."

Mkamwana aliogopa. Maneno ya mama mkwe aliweza kuyabishia kimoyomoyo. Mikate yake ikianguka na mchana pia, atabishana na nani? Akafuta machozi kwa aproni. "Heri nijue," akasema.

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu, akakubali. Wiki ile kila jioni walichomoa kikaratasi kikombeni. Kura haijui mkwe wala mkamwana: siku nyingine ilimwamsha mama mkwe alfajiri, naye akanung'unika njia nzima hadi kwenye meza ya kukandia.

Mwisho wa wiki hapakuwa na la kubishania. Mikate ya alfajiri ilijikunyata, akande huyu, akande yule. Ya mchana iliumuka, hata ya mkamwana.

"Si mkono, ni saa," wifi akasema. "Nadhani ni baridi. Hilo nalo tutalijaribu."

Mkamwana alijawa na furaha, akamgeukia mama mkwe akitarajia hasira. Mama mkwe alikuwa ameketi, mkate wake wa alfajiri mapajani, anaitazama mikono yake.

"Kumbe mkono wangu haukupona," alisema taratibu. "Haukuwahi kuumwa. Aliletwa mgeni mwingine tu, akalia yeye." Akaugeuza ule mkate. "Miaka yote hii mwanangu, nimeamini nilikuwa mbovu."

Mkamwana akaketi kando yake, akaumega ule mkate mzito, wakala pamoja.

Alfajiri iliyofuata alimkuta mama mkwe keshawasha tanuri mapema, beseni la unga liko karibu na joto.

"Njoo tukande," akasema, akisogea kumpa nafasi. "Humu hamna mgeni."