Kichaka Kinachoanzia Chini

"Tupa," alisema mtaalamu, akiitazama miche yetu kama vijiti vya kuchokonolea meno.

Ilikuwa kumi na mmoja, kila mmoja kwenye chungu kirefu cha udongo. Umri miaka miwili, majani mawili. Kichaka chenyewe kilikuwa kimebaki bonde moja tu huko jangwani, na shangazi yangu ndiye aliyeziotesha mbegu zake, akizinywesha kwa kijiko, maana maji yakizidi zinaoza. Mtaalamu, mkuu mpya wa kitalu, aliitaka meza ile kwa maua ya mapambo.

Mimi nilikuwa mshika mpira wa maji. Shule niliiacha darasa la sita. Mengine nilijisomea kwenye magazeti tuliyofungia miche. Wakuu watatu nilishagombana nao, na makosa yao ninayo kichwani mpaka leo, kwa tarehe.

"Hiki huanza kukua chini," nilimwambia. "Kinatafuta maji kwanza. Juu hakina haraka."

"Nani kasema?"

"Shangazi."

Akacheka. "Basi shangazi akafundishe chuo kikuu!"

Nikawaambia wenzangu wafunge mabomba, wakafunga. Kimya kile bado nakisikia: watu tisa, mikono mifukoni, na shangazi nyuma yao akinipungia mkono. Nilidhani ananishangilia.

"Haya, nionyesheni hicho kilichokua chini," mtaalamu alisema.

Nikanyakua chungu kimoja, nikakibamiza ukingoni mwa meza. Udongo ukamwagika, na mzizi ukabaki unaning'inia mkononi mwangu, mweupe, mrefu kuliko mkono wenyewe. Mtaalamu akavua kofia. Meza ikabaki yetu, wenzangu wakaninyanyua juujuu.

Jioni nilimkuta shangazi ameketi na ule mche mapajani. Ncha ya mzizi ilikuwa imekatika, na kichaka hicho kikikatika ncha hakioti tena.

"Tumeshinda, shangazi," nilisema.

"Tumeshinda, mwanangu. Umenipigania kweli. Ila nilipokupungia nilikuwa nakuita, nawe hukuja kuniuliza."

Akasimama, akainua chungu kingine kwa mikono miwili mpaka juu ya uso wangu.

"Chungulia. Usiguse."

Chini, kwenye tundu la kutolea maji, ncha nyeupe ilikuwa imejitokeza, nyembamba kama uzi, bado ina unyevu.